Maji Yaliyotoka Puani

Devota mwanangu,

Pikipiki ya baba yako imeshapotea kwenye kona, mnakwenda Murungu kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki na nyumba. Begi lako liko mlangoni, limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Nimekaa kwenye kigoda jikoni, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa ndoo ya mawese, ndiyo maana utaona doa jekundu pembeni. Kesho atakupeleka Kasulu upande basi la Tabora, ukaanze chuo cha nyuki. Habari za kula, kufua, kusali na kuchagua marafiki sitaziandika. Hizo nimezisema tangu ulipoanza kutembea, na nyingine nilizisema mpaka ukaziba masikio.

Nataka kuandika jambo ambalo kwa mdomo halitoki. Wiki hii nimejaribu. Nafungua mdomo, nakuangalia, halafu nasikia sauti yangu inauliza, "Umechukua sabuni?"

Unakumbuka mwezi uliopita, siku tuliyopigiwa simu kutoka Dar. Daktari alisema wanakuja wapasuaji wa uso, wanaweza kuyasogeza macho yako yakakaribiana, wakainua na mfupa wa pua. Nikakuambia twende, chuo kitasubiri. Ukasema hutaki. Nikasema hujui unachokikataa. Hukupandisha sauti. Ulisema tu:

"Mama, uso huu mimi nimeuzoea. Asiyeuzoea ni wewe."

Baba yako aliacha kutafuna. Mimi nilikusanya sahani, hata yako iliyokuwa bado na ugali, nikaenda kuziosha. Ulinifuata mpaka mlangoni ukasema, "Hata sasa huonyeshi kitu. Ungenigombeza basi." Nikamwaga maji machafu, nikachota mengine.

Sikukujibu siku ile. Nakujibu leo, na itabidi nianzie mbali kidogo. Yale aliyokusimulia baba yako ni ya kweli, lakini yeye siku nyingi hakuwepo.

Ulizaliwa msimu wa kupanda maharage. Katikati ya macho yako, pale pua inapoanzia, palikuwa na kiuvimbe laini kama punje ya njugu. Ukilia kinajaa, ukilala kinanywea. Majirani walisema nilimcheka mlemavu nikiwa na mimba yako. Bibi yako aliwafukuza uani kwa ufagio. Nesi wa zahanati akanishika mkono akasema, "Usikiminye, usikitoboe, na mtu asikipake dawa yoyote. Hicho kina njia ya kwenda kwenye ubongo." Nilimsikia. Hilo ni jambo moja nililolifanya sawasawa.

Ulipotimiza miaka miwili kilikuwa kama yai la kuku, na macho yako yalikuwa yanasukumwa pembeni. Sokoni nilikubeba mgongoni nimekufunika kanga kichwani, jua liwepo lisiwepo. Kasulu wakatuandikia rufaa, na mwaka uliofuata tukaenda Dar mimi na wewe. Baba yako alibaki na kaka zako na shamba.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alichora kichwa kwenye karatasi. Alisema mfupa wa mbele haukufunga ulipokuwa tumboni, ubongo kidogo na maji yake vimepita kwenye tundu hilo, kama utumbo unavyopita kwenye ngiri. Watapasua ngozi kutoka sikio hadi sikio, watafungua mfupa wa paji, watarudisha kinachorudishika na kuziba tundu. Halafu akataja yanayoweza kutokea. Damu nyingi. Vijidudu. Maji ya ubongo kuvuja. Degedege. Kupoteza kunusa. Macho kudhurika. Kifo. Aliyataja polepole, moja baada ya jingine, akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia neno moja tu alilolisema mwanzoni: "Tutakiondoa." Nikasaini.

Hilo huwa nalifikiria. Yule daktari hakunificha kitu. Miaka mingi nilipokuwa na hasira nilitafuta mtu wa kumwekea hasira hizo, na kila nikifika kwake namwona na kalamu yake, anataja. Hakuna aliyekosea, Devota. Walifanya kazi yao vizuri, na mambo yakaenda vibaya. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Nilichelewa sana kulijua hilo.

Ulitoka umefungwa bandeji kichwa kizima, macho yamevimba hayafunguki. Yalipofunguka nikaona kuwa pale katikati pamekuwa bapa. Nilimpigia simu baba yako nikamwambia, "Kimeondoka." Akapiga kelele hata nikaiweka simu mbali na sikio. Nilimsikia akiwaambia watu barabarani.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mwanamke wa Lindi, Mama Shabani. Mwanawe alikuwa mdogo kwako kidogo. Mifupa ya kichwa chake ilijifunga mapema kabla ubongo haujamaliza kukua, kichwa kikawa kirefu kama embe dodo. Walikuwa wanangoja zamu yao. Mama Shabani alikuwa mtu wa maneno, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Mimi wakati ule nilikuwa bado naongea Kiswahili kama ninatafuna mawe. Alikuwa ananicheka, lakini kwa upendo. Uji wake tuligawana.

Ndiye aliyegundua. Pua yako ilikuwa inatoa maji, na mimi nafuta. Nilidhani mafua. Wodi ina feni, watoto wengi, nikasema mafua yamekupata. Nilifuta kwa kanga leo, nikafuta kesho. Mama Shabani akawa anatuangalia. Akasema:

"Mama Devota, mafua gani haya hayana ute? Yanadondoka kama bomba bovu. Tena tundu moja tu."

"Ni baridi ya feni."

"Siyo feni, mwenzangu. Mwinamishe uone."

Nikakuinamisha. Yakatoka matone mengi, meupe, safi kama ya kunywa. Mama Shabani alikwenda mwenyewe kumwita nesi.

Yalikuwa maji ya ubongo. Kiraka walichoziba nacho kilikuwa kimeachia. Daktari alikuja na wenzake, wakakuwekea mpira mwembamba mgongoni ili maji yatokee huko na tundu lipate nafasi ya kupona. Ukatakiwa ulale chali. Akanieleza, na safari hii nilisikiliza kila neno:

"Mama, asikohoe kwa nguvu, asijikamue chooni, na zaidi ya yote asilie. Akilia, msukumo unapanda kichwani, kinachoanza kuziba kinafunguka."

Nikamuuliza, "Mtoto wa miaka mitatu namzuiaje kulia?"

Akasema, "Anakuangalia wewe. Ukiwa mtulivu, atatulia."

Basi nikajifunza. Ulikuwa umelala chali, macho yako hayana pa kwenda isipokuwa usoni kwangu. Nikikunja uso, mdomo wako unaanza kutetemeka. Machozi yakinilenga, unaanza kuhema. Na siku moja Mama Shabani alitusimulia kisa cha mbuzi wa jirani yake, nikacheka, na wewe ukacheka sana, na maji yakatoka puani. Basi kucheka nako nikakuacha. Niliuweka uso wangu kama ukuta uliosilibwa. Nikikulisha, uso ni huo. Nikikusafisha, ni huo. Wakija kukuchoma sindano, nakushika mikono na uso ni huo. Wewe ulikuwa unanitazama na kutulia, na nesi akawa ananisifu, "Mama huyu jasiri." Haukuwa ujasiri. Ilikuwa kazi, kama kushika ngazi mtu mwingine akiwa juu.

Siku ya Shabani ikafika. Walimchukua asubuhi, mama yake amemvalisha kofia mpya. Mchana haukwisha vizuri. Alitokwa damu nyingi, wakamwongezea, ikatoka nyingine, haikukoma. Jioni Mama Shabani alirudi wodini kuchukua vitu vyake. Alisimama kati ya vitanda vyetu viwili. Nilijua kabla hajasema. Nilitaka kusimama nimkumbatie, na wewe ulikuwa unanitazama. Akakuona unavyonitazama. Alikuwa anajua habari ya maji yako kuliko mtu yeyote mle ndani. Akachukua pindo la kanga yake, akalisokomeza mdomoni, akaling'ata, akafungasha vitu vyake hivyo hivyo, akatoka. Sauti yake niliisikia kutoka mbali, nje, kwenye ngazi. Aliubeba msiba wake akaupeleka nje ili wewe usishtuke.

Sikumfuata. Nilikaa na uso wangu. Sikuwahi kupata namba yake, sijui yuko wapi. Kama kuna mtu nje ya ukoo wetu anayekudai dua kila mwaka, ni yeye na mwanawe.

Sasa nisikilize. Usiku ule nilipokuwa nimejilaza chini ya kitanda chako, huko ambako hukuweza kuniona, nilisema sasa nitalia. Nikangoja. Hakikuja kitu. Nilijigusa shavu, nikaona kama nagusa shavu la mtu mwingine. Tangu hapo, Devota. Nilikuwa nimeuweka ule ukuta kwa siku chache tu, na nilipotaka kuubomoa sikuona pa kushika.

Ndiyo maana yaliyofuata nayakumbuka kama mtu aliyesimuliwa. Homa ilikuja kupitia lile tundu. Homa ya uti wa mgongo. Shingo ikakakamaa, degedege likakushika, mkono wa kushoto ukawa unarukaruka peke yake. Baba yako alifika kutoka Kibondo, amevaa koti la shamba, viatu vina udongo mwekundu wa kwetu. Alipokuona aliporomoka pale pale sakafuni. Halafu akasimama akanivuta pembeni.

"Mama Devota, tumchukue. Tumrudishe nyumbani. Kama ni kufa afie kwetu, bibi yake amwone."

Nikamwambia, "Ongea polepole. Usimlize."

"Huyu hata hasikii tena! Wewe mwanamke una moyo gani?"

"Nimesema ongea polepole."

Akaniangalia kama hanijui. Alitoka akalia kwenye ngazi zile zile. Baadaye alirudi, akakaa, akanishika mkono, akasema, "Ihangane." Neno la kwetu, vumilia, pole, yote kwa pamoja. Niliuona mkono wake juu ya wangu. Uzito niliusikia. Joto sikulisikia.

Dawa zikashika, homa ikashuka. Wakakurudisha chumba cha upasuaji, wakakata utando pajani wakaenda kuzibia nao. Kovu la paja ni la hapo. Uliwahi kuniuliza nikakuambia uliungua. Sijui kwa nini nilisema hivyo, labda kwa sababu kuungua ni habari fupi. Maji yakaacha kutoka puani, lakini yakaanza kujaa ndani ya kichwa, kwa hiyo wakakuwekea mrija ule unaoushika nyuma ya sikio ukiwa unafikiri, unaopita shingoni mpaka tumboni. Tulirudi nyumbani mahindi yameshavunwa. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na mwanga tu. Bibi yako alikubeba akazunguka nyumba yote akiimba. Mimi nilienda kuteka maji.

Nilidhani ukishapona nitarudi kuwa mtu. Lakini degedege lilikuwa linarudi kila baada ya muda, na kila ukianguka nilihitaji uso ule ule. Hata lilipokoma, ulipokuwa darasa la tatu, nilikuwa nimeshasahau mwingine ulikuwaje. Baba yako alicheka na wewe, alilia na wewe, alikufundisha kupanda kwenye mizinga. Mimi nilikupa dawa kwa wakati. Nilikuona ukimkimbilia yeye. Sikulaumu. Mtoto hukimbilia penye moto.

Siku ya maharage labda unaikumbuka kwa sababu nilikuchapa. Nilikuacha na chungu jikoni, nikaenda kwa jirani. Narudi naona moshi unatoka kwenye paa, na harufu ya kuungua imefika barabarani. Wewe umekaa pembeni ya jiko umeupa moshi mgongo, unachora chini na kijiti. Nilikuchapa nikisema, "Mtoto mvivu, hata harufu huisikii?" Ukasema, huku unalia, "Harufu ndiyo nini?"

Nikaacha. Niliingia ndani, nikatoka na dagaa. Nikakuwekea puani. Nikakuuliza unasikia nini, ukasema, "Zinachoma." Nikaleta sabuni. Ukasema, "Baridi." Nikaleta kitunguu, ukasema kinakuliza. Nikaleta kidole nilichochovya mawese. Ukavuta pumzi sana, kwa bidii, unataka kunifurahisha, ukasema, "Mama, sijui niseme nini."

Nikamkumbuka daktari na kalamu yake. Kupoteza kunusa. Alilitaja baada ya degedege. Nyuzi za kunusia zinapita pale pale walipoziba.

Halafu ukaniuliza, "Wewe mama unanuka nini?"

Nikasema, "Mawese. Watu wote sokoni wananijua kwa mawese."

"Na mawese yananuka nini?"

Nikakuambia nenda kacheze. Nilisugua kile chungu mpaka giza. Mtoto wangu hajui harufu yangu. Niliona kwamba hilo ni jambo la kumfanya mtu alie, nikaliona wazi kabisa, kama mtu anayeona mlima wa upande wa pili wa bonde.

Yapo mambo ambayo ningeyafanya tofauti. Yale ya wodini hapana, yale nisingekuwa na njia nyingine. Ni ya baada yake. Nilikushonea kofia na vilemba vya kila rangi. Nilikuambia, "Kovu ni siri ya nyumbani, mrija ni siri ya nyumbani." Nilidhani nakukinga. Ulipokwenda bweni kule Buhigwe uliishika siri hiyo kama nilivyokufundisha. Kichwa kilipoanza kuuma ukanyamaza. Ulipoanza kutapika asubuhi, matroni akakupa dawa ya malaria, na angefanya nini kingine, hakuna aliyemwambia. Ulipoanza kusinzia darasani wakasema ni uvivu. Baba yako alipofika kukutembelea alikuta umelala kwenye nyasi mchana, umevaa kofia yangu, humtambui. Alikubeba kwa pikipiki mpaka Kasulu, amekufunga kiunoni kwake kwa mkanda na kitenge cha mwanamke aliyemkuta njiani. Mrija ulikuwa umeziba. Wakakusafirisha mpaka Dar, wakaubadilisha. Yule daktari hakuwa kijana tena. Alinivuta kando akaniambia bila ukali, "Mama, mrija huu ukiziba tena, atakayemwokoa ni yule anayelala naye chumba kimoja. Siyo sisi."

Najua umemwambia kaka yako kwamba Tabora hakuna atakayejua. Sikuamrishi. Nakusimulia tu kwamba aliyekutia woga wa kujulikana ni mimi, na nilikosea, na kosa hilo lilikufikisha kwenye nyasi zile. Tafuta mtu mmoja. Asiwe wa kukuonea huruma; awe mtu asiyesahau mambo. Mwonyeshe mrija uko wapi. Mwambie kichwa, kutapika, usingizi. Na mwambie pia kwamba gesi ikivuja chumbani hutajua, moshi ukianza hutajua. Mwisho wa hapo. Mengine ya uso wako ni yako, uyaseme au usiyaseme.

Na nyuki. Uliposema unataka chuo cha nyuki nilifikiri nimekuelewa. Nilimwambia baba yako, "Amechagua kwa sababu ya wavu. Anataka kazi ambayo mtu anafanya amefunikwa uso." Baba yako alinikatalia. Akasema, "Wewe hujawahi kuja porini na sisi. Nyuki wakishatulia, mimi ndiye ninayebaki na wavu. Yeye anaupandisha. Anasema kwenye wavu haoni vizuri."

Sikuwa najua. Miaka yote hiyo nilikuwa naona uso uliofichwa, kumbe mfichaji alikuwa mmoja tu nyumba nzima. Ulichosema mezani kilikuwa kweli, Devota. Nilitaka upasuliwe tena kwa ajili yangu. Nilifikiri wakiuweka sawa ule uso, na wangu utaniachia.

Sasa leo asubuhi. Nilikuwa nimeshamwambia msusi aje, nikijua utataka kwenda Tabora umesuka nywele za kuziba kovu. Ukatoka chumbani na wembe na bakuli la maji. Ukakaa chini kati ya magoti yangu, umenipa kisogo.

"Mama, ninyoe."

"Msusi anakuja."

"Mrudishe. Ninyoe zote."

"Kovu litaonekana."

"Ndiyo."

Nikakulowesha kichwa, nikapaka sabuni. Nimekuuguza, nimekuvisha kofia, nimekupaka mafuta, lakini tangu bandeji ile itolewe sijawahi kuliona lile kovu lote kwa mara moja. Nywele zikawa zinaanguka kwenye mapaja yangu. Likatokea nyuma ya sikio la kulia, likapanda, likapita juu kama barabara ya mlimani, likashuka mpaka kushoto. Ngozi yake inang'aa. Pale mrija ulipo, nilisikia kitu kidogo kigumu chini ya kidole, kinafanya kazi yake.

Ulikuwa unanisimulia habari ya malkia wa nyuki, jinsi wanavyomhamisha. Sikuwa nasikiliza vizuri. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuuma. Nilidhani ni baridi ya maji. Maumivu yakapanda kwenye viganja, kwenye mikono, mpaka kifuani, yanachomachoma, kama mguu ulioukalia vibaya unapoanza kuamka. Haikuwa raha. Wembe ukateleza nikakukata kidogo juu ya sikio.

Ukasema, "Mama! Unatetemeka?"

Nikasema, "Kaa kimya nisikukate tena."

Ukageuka hata hivyo. Ukanitazama usoni, kwa karibu, kama ulivyokuwa ukinitazama ukiwa umelala chali. Sijui uliona nini. Nilitaka kuuweka uso wangu sawa, kwa mazoea, nisije nikakuliza. Halafu nikakumbuka kwamba wewe ni mtu mzima, tundu limeziba, hakuna kitakachofunguka. Nikauacha ulivyo.

Ulichukua kitambaa, ukajifuta tone la damu, ukageuka tena ukanipa kisogo, ukasema, "Malizia upande huu." Nikamalizia.

Jua limeshuka sasa, pikipiki haijasikika. Nitaiweka barua hii ndani ya begi, chini ya wavu wako mpya, uikute ukishafika. Kesho stendi sitakuambia chochote cha maana, nakujua na najijua. Nitakuuliza habari ya sabuni. Lakini nimemwambia baba yako kwamba Kasulu ninakuja na mimi, na ndoo zangu zibaki. Basi likianza kuondoka, kaa upande wa dirisha, unitazame. Na ukiniona ninalia hadharani mbele ya watu, usiogope. Niache nilie.

Imana, Mungu wetu, akutangulie njiani.

Mama yako